Msikate Kiitikio

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia: msikate kiitikio. Nimekaa kwenye maonyesho ambamo waimbaji wanaianza vizuri "Douce dame jolie" ya Guillaume de Machaut, mshairi na mtunzi wa muziki Mfaransa wa karne ya 14, wakimaliza ubeti wa kwanza wanaruka kiitikio na kukimbilia wa pili, eti wasikilizaji watachoka. Wachoke na nini?

Wimbo unafunguka kwa kiitikio cha mistari minne, mizani sita, sita, sita, saba: bibi mtamu, mzuri, haki ya Mungu usidhani yupo mwingine anayenitawala ila wewe peke yako. Hiyo ndiyo tuni ya kwanza. Inafuata tuni ya pili, inaimbwa mara mbili: bila hila nimekuenzi, siku zote za maisha yangu nimekutumikia. Sikilizeni katikati yake. Mstari mzima ni neno moja, "chierie"; tuni ikirudiwa, "servie". Mizani mbili tu, kama mtu aliyekatika pumzi. Halafu, na hapa naomba mtulie, tuni ya kwanza inarudi, lakini maneno si yale. Sasa ni "Helas!", ole wangu, naombaomba tumaini na msaada, furaha yangu imekwisha usiponihurumia. Tuni iliyobeba kiapo imebeba kilio. Na papo hapo kiitikio kinaingia, kiapo kinapanda juu ya kilio. Ukikikata, umemwacha mtu analia tu, hatujui tena kwamba bado ameshikilia ahadi yake.

Beti ni tatu. Hesabuni wenyewe: tuni ya kwanza inasikika mara saba, nne kwa maneno ya kiitikio, tatu kwa maneno mapya. Katika ubeti wa tatu anamwita "douce anemie", adui mtamu, na kwa mikono iliyounganishwa anausihi moyo wa bibi umuue upesi, kwa kuwa ameteseka mno. Kisha tena: bibi mtamu, mzuri. Ametoka kuomba kifo sasa hivi! Mtaniambia anarudia kitu kilekile?

Najua yupo atakayesema: sauti moja, tuni mbili, vina viwili tu, -ie na -ent, toka mwanzo hadi mwisho, huo si ufukara? Ufukara gani! Huyu ndiye aliyetunga misa ya sauti nne, "Messe de Nostre Dame". Kupanga sauti alikujua. Virelai zake zenye tuni, yaani nyimbo za aina hii ya wimbo wetu, ni 33, na 25 kati yake aliziacha na sauti moja kwa kutaka. Mwenyewe aliita aina hii "chanson baladée", wimbo wa kuchezwa, na katika shairi lake "Remede de Fortune" mpenzi anaimba wimbo wa namna hii huku mabibi na mabwana wakicheza. Anayecheza anataka kujua pa kurudi. Na sisi tuliolelewa na kibwagizo, nani kati yetu amewahi kumtaka mshairi akifute kwenye ubeti wa tatu?

Ballade, aina nyingine ya wimbo wa enzi hiyo, leo siigusi kabisa, muda umekwenda. Rondeau niliyowaahidi, nayo ni aina nyingine ya wimbo, "Ma fin est mon commencement" ya Machaut huyuhuyu, ambamo sauti moja inaimba tuni ya mwenzake kutoka mwisho kwenda mwanzo, itasubiri wiki ijayo.

Sasa tuusikilize wimbo wetu mzima, beti zote tatu na viitikio vyote vinne.