Mita 60 na kalenda ya bajeti: kazi ya meneja wa programu

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze meneja wa programu kwenye asasi ya utetezi wa mazingira anafanya nini hasa, na najua wengine mnasubiri nianze na kupanda miti. Miti inapandwa na wengi, na heri yao. Sisi tunahangaika na sheria: itekelezwe, na anayeguswa nayo asikilizwe kabla uamuzi haujapita.

Chukueni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiwa ofisini hapa Moshi mjini unaona jambo jepesi, unachapisha bango basi. Haya, panda nalo huko juu mlimani ambako vijito vinapita katikati ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba za Wachaga. Tulivuta futi kamba kutoka ukingoni. Tukapita migomba, tukapita kahawa, tukapita banda la ng'ombe, tukafika mlangoni kwa mwenye mji, na mita 60 bado hazijatimia. Mzee akatutazama, akauliza, "Sasa mwanangu, mimi nihamie wapi?"

Swali hilo halijibiwi kwa bango. Kifungu chenyewe hakisemi kila mgomba ung'olewe. Kwa hiyo mnakaa na wanakijiji mnakubaliana: kipi kibaki, kipi kisogezwe, wapi paoteshwe majani ya ng'ombe ili udongo usiporomoke, choo kipya kichimbwe upande gani. Yakipita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yakaandikwa kuwa sheria ndogo na baraza la madiwani likaidhinisha, hapo yana nguvu. Tamko la asasi, hata likiwa na nembo ya rangi nne, halimfungi mtu.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo mameneja wengi wanachemsha. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Bunge la bajeti linaanza kukaa Dodoma mwezi Aprili, na halmashauri zimeshapanga yao miezi kadhaa kabla. Wafadhili wengi wanahesabu Januari hadi Desemba. Mto nao una hesabu zake: Januari na Februari maji yanapungua, watu wa juu na wa tambarare wanagombania mfereji, kila mtu ana hamu ya kuzungumzia vyanzo vya maji. Lakini ukisubiri hamu hiyo, bajeti ya wilaya inafungwa wewe bado unaandaa barua za mwaliko. Hoja ya kijiji lazima iwe mezani kwa mtendaji wa kata mapema, wakati mto bado una maji na hakuna anayeona haraka. Kuwashawishi watu katika miezi hiyo ni kazi ngumu kuliko kuandika andiko la mradi.

Mfadhili atauliza mbona robo ya mwisho ina shughuli chache. Mjibu kwa heshima, na usikubali kuitisha semina ya Desemba ili fedha ziishe. Huo ni ubadhirifu wenye risiti.

Ripoti, masurufu (fedha unazopewa za safari na kazi, kisha unazirejeshea hesabu), karatasi za mahudhurio: mtajifunza, hazimshindi mtu. Kuhusu posho, msimamo wangu ni nauli na chakula tu. Ukimlipa mtu aje kutetea mto wake mwenyewe, mwakani atakuuliza bei imepanda kiasi gani.

Wale mtakaokuja kuomba kazi, shahada nitaziona kwenye bahasha. Mimi nitawauliza mtendaji wa kijiji au mtaa wenu anaitwa nani, na mkutano uliopita ulijadili nini. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo muda wa kujiandaa mnao. Karibuni maswali.