Mimi Ni Nani? Mazungumzo na Vijana Wakati wa Pasaka

Bwana Yesu asifiwe.

Jana jioni niliwaomba kila mmoja aandike swali kwenye karatasi, bila jina. Nimezisoma zote usiku. Mmoja ameuliza habari za mahari, wawili habari za zaka. Zilizobaki karibu zote zinauliza jambo moja: nitajuaje kusudi la Mungu katika maisha yangu? Na mmoja wenu ameongeza chini, kwa herufi ndogo: "Nimemaliza chuo, huu mwaka wa tatu, nipo nyumbani tu." Karatasi hiyo nimeitia ndani ya Biblia yangu. Asubuhi hii nasema na huyo kwanza, nanyi wengine msikilize.

Twendeni Boga, Ituri, mashariki ya Kongo. Ukitokea Toro, Uganda, unavuka bonde la mto Semliki. Mwaka 1896 aliingia huko mwalimu wa Injili kutoka Buganda, Apolo Kivebulaya. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa kama desturi ya Waganda. Ukimtazama ujana wake huoni dalili ya utumishi hata kidogo: alivuta bangi, akashika silaha katika vita vya dini vya Buganda. Alibatizwa mwaka 1895, mtu mzima wa miaka kama thelathini. Mwaka mmoja baadaye yuko Boga! Ninyi wa miaka ishirini na mitatu mnaosema mmechelewa, hesabuni wenyewe.

Kule Boga alikosana na chifu, Tabaro, kwa sababu alikemea ulevi na ndoa za wake wengi. Kisha likatokea jambo baya. Dada yake chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichwa na nyasi, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba amemuua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani.

Hebu mfikirieni. Ameacha kwao kwa ajili ya Injili, na sasa anaitwa muuaji. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba humo gerezani alimwona Yesu, anang'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo, kwa maana yuko pamoja naye.

Hilo neno nimelitafakari miaka mingi. Hakuambiwa atafunguliwa lini. Hakuambiwa kwamba Tabaro, aliyemfunga, atakuja kubatizwa, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Aliambiwa tu nani yuko naye mle ndani.

Sasa fungueni Kutoka, sura ya tatu. Musa anachunga kondoo za mkwewe, anaitwa kwenye kijiti, naye anauliza swali lile lile la karatasi zenu: "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?" Someni mstari wa kumi na mbili, muone Mungu anavyojibu. Hamwelezi Musa habari za Musa. Hamtajii vipaji vyake wala elimu aliyoipata Misri. Anamwambia, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Musa ameuliza habari zake mwenyewe, akajibiwa habari za Mungu. Nami naamini kwa moyo wangu wote kwamba wengi wetu tumejibiwa zamani, ila hatukulipokea jibu kwa sababu tulikuwa tunangoja kazi itajwe.

Mimi nilitaka udaktari. Nikapangiwa ualimu wa shule ya msingi, mbali na kwetu, na mwaka mzima nilifundisha kwa kinyongo. Jioni moja nasahihisha madaftari ya darasa la tano, nikaona daftari la mtoto mmoja: amechora herufi kwa kuziiga ubaoni, hajui hata moja. Nikamwita. Tukaanza a, e, i, o, u, kila siku baada ya kengele ya mwisho. Wiki nyingi. Siku aliyosoma neno zima, kidole chake chenye wino kilikuwa kinatetemeka chini ya mstari: "a-ka-si-ma-ma." Akarudia, "Akasimama." Halafu akaniangalia. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilijua tu kwamba sikuwa peke yangu na mtoto yule, na udaktari sikuulilia tena.

Apolo naye njia yake haikunyooka. Alitumika Toro miaka mingi, akarudi Boga kuishi mwaka 1915, akawafuata hata Wambuti, wawindaji wanaoishi ndani ya msitu. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, uliko msitu wa Kongo, kwa watu ambao bado hajawafikia. Mgonjwa, mzee, anakufa, na bado anaelekea kazini!

Ndugu yangu wa karatasi ile, umeandika "nipo nyumbani tu." Hapo nyumbani yupo nani? Mama anayeumwa? Mdogo wako anayesumbuka na hesabu? Mzee wa jirani ambaye hana wa kumsomea Neno? Usiku wa leo soma Kutoka ya tatu na ya nne, taratibu, kisha omba ukiwa na jina la mtu mmoja mdomoni. Kesho baada ya chai nitakuwa pale chini ya mwembe. Njoo uniambie ni nani.