Bhuj, Mji wa Bara Uliolelewa na Bahari

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, ahsanteni kwa kufika.

Wengi wetu tuliokulia Mji Mkongwe tumeishi mlango kwa mlango na Wakachi. Lakini muulize mtu Kachi ni wapi, atakwambia "India huko", basi. Leo nataka niwapeleke hadi kwenye mji wake mkuu, Bhuj.

Kachi ilikuwa nchi yenye mtawala wake, aliyeitwa Rao. Rao Khengarji wa Kwanza aliifanya Bhuj makao yake mwaka 1549, na ukoo wake ukatawala mpaka 1948, Kachi ilipojiunga na India huru. Karibu miaka 400, ukoo mmoja!

Bhuj yenyewe haina bahari. Bandari yake, Mandvi, iko kiasi cha kilomita 60 kusini, na upande wa kaskazini ni Rann, jangwa la chumvi. Mvua ni haba, kilimo ni cha kubahatisha. Riziki ilikuwa majini. Kaskazi ikivuma, vyombo vya Mandvi vilitushukia na vitambaa. Kusi ikishika, vilirudi na pembe za ndovu. Tharia Topan, aliyeanzisha lile jengo la zahanati ya zamani pale Mizingani, alizaliwa Kachi. Jairam Shivji, ambaye kampuni yake ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, asili yake hukohuko.

Ndiyo maana kasri ninayoipenda kuliko zote Bhuj, Aina Mahal, yaani Kasri ya Vioo, ilibuniwa na baharia. Jina lake Ram Singh Malam. Lisikilizeni hilo "Malam": ni mu'allim wa Kiarabu, mwongoza chombo, neno lilelile lililotupa sisi mwalimu. Inasimuliwa kwamba chombo chake kilivunjika, akaokolewa na Waholanzi, akakaa Ulaya miaka mingi akijifunza vioo, vigae, saa na uhunzi. Aliporudi, Rao Lakhpatji alimpokea, akampa kazi. Katikati ya karne ya 18 wakajenga kuta za marumaru zilizopambwa vioo na dhahabu, na ukumbi ambamo Rao aliketi katikati, maji yakimzunguka, akitunga mashairi na kusikiliza muziki. Mtawala mshairi na baharia fundi: nikifikiria urafiki huo, moyo wangu hufurahi.

Jirani yake ni Prag Mahal, iliyoanzwa 1865 na Rao Pragmalji wa Pili. Hiyo ilichorwa na mhandisi Mwingereza, ina mnara wa saa wa mita 45. Ni kubwa, lakini kwangu haina roho ya ile ya kwanza. Rao huyohuyo aliwatolea tangazo raia wake walioko Zanzibar akiwakataza biashara ya watumwa. Tusilifiche hilo: mitaji ya baadhi ya Wakachi ilikuwamo katika biashara ile, na waliouzwa walikuwa watu wetu.

Tarehe 26 Januari 2001 ardhi ilitetemeka. Maelfu kwa maelfu walikufa katika Kachi nzima. Aina Mahal ilibomoka sehemu, makaburi ya kifalme ya Chhatardi yakaporomoka, hekalu la Swaminarayan la karne ya 19 likaharibika vibaya. Hekalu jipya la marumaru lilifunguliwa 2010, na miongoni mwa waliolichangia ni Wakachi wa Nairobi na London.

Mkijaaliwa kwenda, nendeni mwezi wa Agosti, mtazame ziwa la Hamirsar katikati ya mji. Miaka mingine hukauka kabisa. Mwaka ambao maji yanajaa mpaka yanafurika, ofisi hufungwa, watu humiminika ukingoni, na peremende hugawiwa. Na mvua inayolijaza huletwa na kusi, upepo uleule uliokuwa ukivirudisha vyombo vyao kutoka kwetu.