Medicare kwa mzazi anayekaribia miaka 65: tumwandikishe pamoja

Habari za saa hizi, karibuni. Video hii ni ya ninyi mlioko Marekani na mnaishi na wazazi, au ninyi wenyewe mnakaribia miaka 65. Tunaandikisha Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee. Chukua kalamu, na mzee mwenyewe akae hapo karibu, maana kuna maswali ambayo majibu anayo yeye tu.

Kabla hujagusa kompyuta, muulize: amefanya kazi na kukatwa kodi hapa Marekani muda gani? Mwaka mmoja wa kazi humpa mtu pointi zisizozidi 4. Akifikisha 40, yaani kama miaka 10, anapata Sehemu A, ile ya kulazwa hospitali, bila ada ya mwezi. Pointi za mume au mke zinaweza kumbeba. Za mtoto hazimbebi, hata kama wewe ndiye uliyemleta na umelipa kodi miaka 20. Hapo familia nyingi hushtuka. Mama aliyeletwa na mwanawe, hana pointi, lazima awe na kadi ya kijani (green card, ile ya ukaazi wa kudumu) na ametimiza miaka 5 mfululizo hapa. Baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kununua. Na bei si mchezo: mwaka 2025 Sehemu A kwa asiye na pointi ilifika dola 518 kwa mwezi. Kama kipato chake ni kidogo, ulizia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na Medicare Savings Program, mpango wa kusaidia kulipa ada za Medicare, kwenye jimbo lenu, huenda wakamlipia. Miaka 5 bado? Angalia bima za HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununua bima ya afya.

Wakimbizi, hili ni lenu. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imewatoa kwenye Medicare watu wenye hadhi ya ukimbizi peke yake. Kama mzee hajaomba kadi ya kijani, anzeni huko kwanza.

Sasa kalenda. Dirisha la kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa Juni anaanza Machi, mwisho Septemba. Lakini najua wazee wetu wengi karatasi zao zimeandikwa tarehe 1 Januari, hata kama mama anakumbuka alizaliwa wakati wa mavuno. Aliyezaliwa tarehe 1 huhesabiwa mwezi uliotangulia. Kwa hiyo wa Januari 1 bima yake inaweza kuanza Desemba, na dirisha lake linafunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi.

Akichelewa Sehemu B, ile ya daktari na vipimo, anaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili, na nyongeza hiyo haiondoki akiwa bado na B. Ada ya 2025 ilikuwa dola 185. Aliyechelewa miaka 2 alilipa 222. Anayesalimika ni yule ambaye bado yuko kazini, yeye au mwenzi wake, na ana bima ya kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi. Huyo anaweza kusubiri.

Haya, fungua ssa.gov. Ndiyo, Social Security, ofisi ya serikali ya pensheni, ndio wanaoandikisha. Mzee afungue akaunti yake mwenyewe, wewe ukimsaidia, chagua kuomba Medicare peke yake kama hataki pensheni bado, kisha jaza. Kuwa na namba ya Social Security, kadi ya kijani au cheti cha uraia, na tarehe za kazi. Kompyuta ikikushinda, piga 1-800-772-1213 na uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, usimtafsirishe mjukuu.

Ukishapata A na B, bado kuna dawa, yaani Sehemu D, na ile asilimia 20 hivi ya gharama za Sehemu B inayobaki kwako kulipa. Hapa ndipo mawakala wa bima wataanza kupiga simu na wengine kukusubiri nje ya kanisa, wakikupa Sehemu C (Medicare Advantage), yaani Medicare inayotolewa na kampuni binafsi, mara nyingi yenye meno na miwani. Inaweza kufaa, ila kwanza hakikisha daktari wa mzee yumo kwenye orodha ya madaktari wao. Mwenye kisukari au presha afikirie pia Medigap, bima binafsi ya kujazia gharama ambazo A na B hazilipi: ndani ya miezi 6 tangu B ianze, kampuni haiwezi kumkatalia kwa sababu ya ugonjwa. Baadaye, kwenye majimbo mengi, inaweza. Kabla ya kusaini chochote, tafuta SHIP ya jimbo lako, yaani huduma ya ushauri wa Medicare. Wanashauri bure na hawauzi kitu.

Na mzee akitaka kwenda kusalimia Goma au Mombasa, mkatie bima ya safari, maana Medicare karibu hailipi matibabu ya nje ya Marekani. Ada ya B iendelee kulipwa akiwa huko.