Jumanne ni Shayiri: Siku Moja Ndani ya Chekechea ya Waldorf, Stuttgart

MAMA TUNU: Haya karibuni jamani karibuni, leo Jumatatu tunarekodi usiku maana mwenzangu ndo kwanza katoka kazini huko Ujerumani kala kidogo kakaa, mimi niko hapa Temeke mvua imenyesha kwahiyo mkisikia vyura msishangae. Rehema upo?

REHEMA: Nipo dada, shikamoo.

MAMA TUNU: Marahaba mdogo wangu. Umechoka eeh, nasikia kwenye sauti.

REHEMA: Nimechoka lakini ni uchovu wa mikono, kichwa kiko sawa kabisa. Leo tulikuwa tunapaka rangi na watoto 22, alafu ukimaliza kupaka kuna kuosha sponji na brashi zote, tunaosha pamoja na watoto wenyewe, kwahiyo unajua maji yanavyokuwa.

MAMA TUNU: Sasa wasikilizaji wengi walituomba hii. Mimi nimefundisha chekechea miaka 12 hapa Dar, mwenzangu huu mwaka wake wa 4 ni mwalimu msaidizi kwenye chekechea ya Waldorf, huo ni mfumo wa elimu, iko Stuttgart, watu wanataka kujua huko ndani kuna nini. Tuanze na jina, maana mimi nilidhani ni jina la mtu.

REHEMA: Watu wanashangaa nikiwaambia, jina limetoka kiwanda cha sigara. Kweli kabisa. Hapahapa Stuttgart kulikuwa na kiwanda kinaitwa Waldorf-Astoria, bosi wake Emil Molt, vita imeisha mwaka 1918 watu wana njaa nchi imevurugika, akamwita Rudolf Steiner, mwanafalsafa ambaye mawazo yake ndo msingi wa shule hizi, aje aongee na wafanyakazi, wafanyakazi wakasema tunataka watoto wetu nao wasome vizuri kama watoto wa matajiri. Shule ikafunguliwa tarehe 7 Septemba 1919, watoto 256. Chekechea yenyewe ilikuja 1926, Steiner alishafariki mwaka mmoja nyuma, aliyeianzisha ni mwalimu mmoja anaitwa Elisabeth Grunelius. Alafu utawala wa Hitler ukaja, shule ikafungwa 1938, vita ilivyoisha 1945 ikafunguliwa tena. Saivi duniani shule zake zimepita 1,000, hata Nairobi ipo, Dar ipo.

MAMA TUNU: Ya Dar naijua, iko Mbezi Beach huko, Hekima. Haya nipe siku. Mtoto kafika asubuhi, nini kinatokea? Usiruke kitu.

REHEMA: Mlango unafunguliwa saa moja na nusu. Mtoto anafika na mzazi wake, anavua buti anavaa viatu vya ndani, anakuja ananipa mkono, mimi nachuchumaa tunaangaliana machoni, nasema habari za asubuhi na jina lake. Kila mtoto, kila siku. Akiingia chumbani hakuna dawati hata moja, hakuna ubao, hakuna mabango ya a e i o u. Ukuta umepakwa rangi ya waridi hafifu sana, ile ya ndani ya kombe la baharini. Kuna vikapu. Kikapu cha vipande vya magogo, cha koni za msonobari, cha vitambaa, cha mawe laini. Alafu pale katikati kuna meza kubwa na mwalimu mkuu kakaa pale anafanya kazi.

MAMA TUNU: Kazi gani, anaandika maandalio?

REHEMA: Hapana dada, kazi za nyumbani. Anamenya tufaa. Anashona kitambaa kilichochanika. Anasaga nafaka, kuna kinu cha mkono kimefungwa kwenye meza unazungusha.

MAMA TUNU: Kumbe wanasaga!

REHEMA: Wanasaga! Mtoto wa miaka mitatu anakuja anasimama tu anaangalia, hujamwita, baada ya muda anaomba azungushe. Na hapo ndo kiini cha kazi yetu yote kwa ninavyoelewa mimi, mtoto wa umri huo hafundishwi kwa maneno, anafundishwa na mikono ya mtu mzima aliye mbele yake. Ukishona taratibu, atacheza taratibu. Ukiwa unahangaika chumba kizima kinahangaika, na hiyo nimeiona kwa macho yangu.

MAMA TUNU: Toa mfano.

REHEMA: Mwezi wangu wa kwanza. Wakati wa kupanga vitu ulifika, watoto walikuwa wamejenga nyumba nzima kwa stendi za mbao na mashuka, wameweka kamba kutoka huku mpaka kule, mimi nikaanza kwa sauti, haya toa hiki weka kule, wewe simama, wewe njoo, fanyeni haraka. Hakuna aliyenisikiliza, wawili wakalia. Mwalimu mkuu, mama wa makamo hivi, hakuniambia kitu. Alienda kwenye kona akachukua kitambaa kimoja, akakunja. Kona kwa kona, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka kapuni, akaanza kuimba kale kawimbo kao ka kupanga vitu, sauti ya chini. Akachukua cha pili. Kufika cha nne kulikuwa na watoto watatu pembeni yake wanakunja, alafu mmoja akaanza kubeba magogo, na wengine wakafata. Mimi nimesimama katikati ya chumba na mikono haina kitu. Siku ile nilijifunza kazi.

MAMA TUNU: Mh. Sasa mdogo wangu ngoja nikwambie na mimi, maana tukiongea wiki iliyopita ulinigusia haya na mimi nikaenda kujaribu. Darasani kwangu wako 61, mwalimu ni mimi na binti mmoja wa kunisaidia. Kuna begi la mtoto mkanda ulikatika, kawaida ningempa abebe ampelekee mama yake. Nikachukua sindano na uzi nikakaa mbele ya darasa nikaanza kushona, sikusema kitu. Kelele za pale unazijua zilivyo. Zikashuka zenyewe, mpaka nikainua macho nikaona wamenizunguka, kuna mmoja mdomo wazi kabisa anafata sindano inavyopanda inavyoshuka. Nilishona mkanda ule dakika kama kumi, na sijawahi kuwa na dakika kumi za namna ile tangu nianze kazi.

REHEMA: Dada umenisisimua.

MAMA TUNU: Lakini nisiwe muongo. Saa tano mzazi akaja kumchukua mwanae, akafungua daftari, hamna kilichoandikwa siku ile, akaniuliza mwalimu leo mmefanya nini. Nimemjibuje? Huku mzazi analipa ada kwa sababu ya daftari. Mtoto wa miaka minne asipoandika jina lake watu wanasema shule haifai. Nyinyi mnawaambiaje wazazi?

REHEMA: Huku ni rahisi kwa sababu Ujerumani nzima herufi ni darasa la kwanza, miaka sita hivi, kwahiyo mzazi hana presha. Kwa Waldorf ndo wanasema kabisa, subiri meno ya utoto yaanze kung'oka, kama miaka saba, nguvu za mtoto mpaka hapo zinajenga mwili kwanza. Mimi hiyo ya meno siwezi kukuhakikishia ni sayansi. Ila hesabu ziko, tena nyingi. Mtoto wa miaka mitano anapanga meza, anajua tuko 22, leo wawili hawajaja, anarudi kabatini na sahani mbili mkononi. Hajaandika kitu, ila kutoa kashatoa.

MAMA TUNU: Hiyo ningeweza kumuonesha mzazi. Kweli hiyo ningemuonesha. Endelea, tumefika kupanga vitu.

REHEMA: Tukimaliza tunaenda chooni, kunawa mikono, tunaingia kwenye mduara. Mduara ni nyimbo na mashairi na vitendo, saivi huku ni vuli ya Ulaya, msimu wa mavuno, kwahiyo tunavuna, tunafyeka, tunapura, tunabeba gunia kwa msagaji, mwili mzima unacheza. Na ni uleule kila siku wiki tatu nne, hatubadilishi.

MAMA TUNU: Hawachoki?

REHEMA: Sisi watu wazima ndo tunachoka. Mtoto wiki ya kwanza anaangalia, ya pili anafanya, ya tatu ukikosea neno moja anakusahihisha! Alafu kifungua kinywa. Hapo dada ndo nataka nikae kidogo kwa sababu napapenda. Kila siku ina nafaka yake. Jumatatu mchele, Jumanne shayiri, Jumatano uwele, ule wao wa njano, Alhamisi rai, Ijumaa oti. Na kazi pia zina siku zake, Jumatatu rangi, Jumatano msituni, Alhamisi tunaoka mikate midogo. Mtoto hajui kalenda, hajui saa, lakini akivuka mlango Jumatano anasikia harufu anasema leo tunaenda msituni. Anajua siku kwa uji wake. Kuna mtoto alikuwa anakuja analia kila asubuhi, wazazi wametengana, leo kwa baba kesho kwa mama, siku moja akaniuliza, Rehema, kesho ni shayiri? Nikamwambia ndio kesho ni shayiri. Akasema, shayiri ni siku ya kwenda kwa baba. Akaenda kucheza. Yaani alikuwa anatafuta kitu cha kushika na akakipata kwenye sufuria.

MAMA TUNU: Maskini mtoto.

REHEMA: Na mimi Jumatano nikifunua sufuria, ule uwele unanukia karibu na uji wa ulezi wa bibi yangu Handeni. Kabla ya kula tunawasha mshumaa, tunashikana mikono, shukrani fupi kwa ardhi na jua. Tukimaliza kila mtu anaosha kikombe chake.

MAMA TUNU: Alafu nje?

REHEMA: Nje, iwe mvua isiwe mvua, wana suruali za mpira za matope na buti. Zaidi ya saa nzima. Wanachimba, wanabeba maji, wanapanda mti. Wenyewe wanaongelea kuvuta pumzi na kuitoa, yaani siku inapumua, mduara umemkusanya mtoto ndani, bustani inamuachia, hadithi inamkusanya tena. Na hadithi hatusomi kwenye kitabu, mwalimu anaijua kichwani, anawasha mshumaa anasimulia kwa sauti ya kawaida bila kuigiza sana, hadithi hiyohiyo wiki mbili. Siku nilipopewa zamu nilisimulia ya sungura na fisi, niliianza kwa paukwa, nikawafundisha waitikie pakawa. Mpaka leo wanaidai.

MAMA TUNU: Paukwa Stuttgart! Bibi angefurahi. Ila kuna swali zito nataka nikuulize hapahapa, mtu ameniandikia kwamba huyu Steiner alikuwa anawadharau watu weusi. Wewe unafanya kazi humo, unasemaje?

REHEMA: Ni kweli, kuna mambo alisema kwenye mihadhara yake kuhusu watu weusi na kuhusu rangi za watu ambayo ni ubaguzi, nimeyasoma, sitayapamba. Mwaka 2007 umoja wa shule za Waldorf Ujerumani ulitoa tamko hapahapa Stuttgart la kupinga ubaguzi, ni sawa, lakini tamko ni karatasi. Mimi nilivyoenda kuomba kazi niliuliza kwenye usaili, nikasema haya mnayajua? Wakasema tunayajua, tukakaa tukaongea saa nzima. Nikaingia. Ila kuna kitu nilikiona chumbani, wanasesere wote kwenye kikapu ni weupe. Wale wanasesere wa kitambaa, ndani sufu ya kondoo, uso hauna kitu, macho nukta mbili za uzi, mdomo mstari mdogo tu, makusudi ili mtoto akiwa na huzuni mwanasesere awe na huzuni, akifurahi afurahi naye. Nikanunua kitambaa cha kahawia, usiku nyumbani nikashona wawili, nywele sufu nyeusi nikasuka twende kilioni. Asubuhi nikawaweka kapuni, sikutangaza.

MAMA TUNU: Wakafanyaje?

REHEMA: Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili mtoto mmoja wa kijerumani akamchukua akambeba mgongoni kwa kitambaa, akanijia nimfunge, kumbe alikuwa ameniona siku moja nimembeba mtoto wa jirani namna ile. Miaka mitatu sasa yule mwanasesere kashaoshwa mpaka rangi imepauka, mikono nimeirudishia mara mbili.

MAMA TUNU: Na mkono ukichanika unarudishia mbele yao.

REHEMA: Pale mezani, wananiangalia. Wanasema anatibiwa.

MAMA TUNU: Mimi kesho naenda na sindano tena. Daftari wataandika, siwezi kulikwepa, ila nimepanga dakika kumi asubuhi kabla ya daftari, na uji wetu wa saa nne nataka wao ndo wapange vikombe wahesabu. Tutaona. Unatoka hapo saa ngapi?

REHEMA: Wa nusu siku wanachukuliwa saa sita na nusu, wengine wanabaki kula mchana na kulala. Tunasimama mlangoni tunapeana mkono kama asubuhi. Alafu wakiisha wote nafagia, nakunja vitambaa vilivyobaki, leo nilianika michoro ya rangi kwenye mbao 22, imejaa korido nzima. Kitu cha mwisho kabla sijazima taa nimeloweka shayiri.

MAMA TUNU: Maana kesho Jumanne.

REHEMA: Kesho Jumanne.

MAMA TUNU: Haya nenda kalale mdogo wangu. Usiku mwema.

REHEMA: Usiku mwema dada, wasalimie wote 61.