Kaka, ni kweli umefukuzwa kazi Ujerumani?

Niambieni, ndugu zangu. Leo niko jikoni, watoto wamelala, kwa hiyo mnivumilie na hii sauti ya chini.

Swali ni lile lile: "Kaka, umefukuzwa?" Na chini yake mwingine: "Si alikuwa anaturingishia theluji." Haya. Sijafukuzwa, na sijaja kulia.

Kiwanda chetu cha vipuri vya magari kinahamishia laini yetu Poland. Jina silitaji, bado nakula hapo. Na si sisi tu. Volkswagen Desemba 2024 walikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 Ujerumani ifikapo 2030. Miele nao mwaka huo huo wakatangaza mashine za kufulia zinahamia Poland.

Mimi nimewekewa karatasi nisaini, tuachane kwa maelewano, nipewe kiinua mgongo. Hapo ndipo binamu yangu alipoanza kuulizia viwanja Kigamboni. Binamu, sikiliza. Kipimo kinachotumika sana huku ni nusu mshahara kwa kila mwaka wa kazi. Nina miaka 4. Piga hesabu: mishahara miwili, na kodi haijapita. Halafu ukisaini mwenyewe, ofisi ya ajira inaweza kukuhesabu umeacha kazi kwa hiari, ikakufungia posho ya wasio na kazi wiki 12. Kiinua mgongo kinaisha, posho haijaonekana! Nayo ikija ni asilimia 67 ya mshahara wa mkononi kama una mtoto, 60 kama huna.

Bado kibali cha kuishi huku. Changu kimefungwa na kazi hii. Ikikatika kabla ya muda, nina wiki mbili kuwajulisha watu wa vibali. Nimejaribu kuomba miadi ya kuuliza tu. Nimepewa ya miezi miwili mbele.

Ila kilichoniuma hasa, wiki iliyopita walikuja vijana wanne wa kutoka Poland, nikaambiwa niwafundishe mashine yangu. Kwenye mlango wa mashine nimebandika plasta, mwandiko wangu: "Asubuhi iache ipate moto kwanza." Kwa Kiswahili. Kijana mmoja akaipiga picha, akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia. Watoto wa watu, hawana kosa.

Sasa msije mkasema fulani kakataza kusaini. Mwenye miaka 25 kazini na nyumba kamaliza kulipia, asaini akalale. Mimi Jumatatu naenda kwa wakili wa chama cha wafanyakazi.

Na mjomba, najua unaangalia: hela ya bati mwezi huu ni nusu.