Mwizi wa Bibi

JUMA: Haya, tumerudi. Dada Rehema, mbona hiyo bodi ina doa jeusi?

REHEMA: Imeungua. Jumamosi, kwa bibi Mkuranga, nikimtengenezea mita ya kuonyesha betri yake ya sola imebaki na chaji kiasi gani. Nilichomeka waya wa betri moja kwa moja kwenye A0, pini ya kupimia volti ya Arduino Uno, hii bodi ndogo ya kompyuta unayoipangia kazi mwenyewe. Betri ya volti 12, pini mwisho wake 5. Sebule nzima ikanuka plastiki.

JUMA: Pole. Hukuweka resista za kupunguza volti?

REHEMA: Zilikuwa mfukoni! Resista ya kilo-omu 30 inatoka kwenye chanya, ya kilo-omu 10 inashuka kwenye hasi, na waya wa A0 unatoka pale zinapokutana. Volti zinagawanywa kwa nne. Betri ikiwa 12.6, pini inapata 3.15, chipu ya bodi inaisoma kama namba 645, kwa sababu volti 0 hadi 5 inazihesabu kama 0 hadi 1023. Jumapili nikarudi na bodi nyingine na taa tano za LED, kila moja na resista yake ya omu 220. Kijani mbili, njano mbili, nyekundu moja.

JUMA: Bibi kaielewa?

REHEMA: Kuliko mimi. Usiku tukawasha televisheni, kijani zikazimika, ikabaki njano. Tukazima, kijani zikarudi. Bibi akasema, "Mwizi wa umeme kaonekana."

JUMA: Televisheni!

REHEMA: Tangu siku ile rimoti iko kwenye pindo la kanga yake, imefungwa fundo. Wajukuu wanaomba kama wanaomba posho.

JUMA: Lakini mita imemsingizia mwizi. Betri ikibebeshwa mzigo, volti lazima zishuke. Zima kila kitu, iache ipumzike, ndipo upime. Hapo, kwa betri ya risasi na asidi, 12.7 ni imejaa, 12.2 ni kama nusu.

REHEMA: Betri yenye afya haiporomoki hivyo kwa televisheni moja ndogo. Ile imechoka, na bibi kaiona ikichoka.

JUMA: Hajui imeshuka kiasi gani. Ungemwekea kioo cha namba.

REHEMA: Namba zinataka miwani. Taa anaiona akiwa kitandani.

JUMA: Na akinunua betri mpya kwa sababu ya taa ya njano?

REHEMA: Na asiponunua, akabaki gizani?

JUMA: Mimi nataka namba.

REHEMA: Na mimi nataka taa.

JUMA: Tulisema leo tuguse programu, halafu zile volti 5 za USB ambazo bodi inazitumia kama kipimo, na mara nyingi si 5 kamili, zinapotosha kipimo chote...

REHEMA: Na kupanga kila taa iwake kwenye volti ngapi.

JUMA: Zimebaki dakika mbili.

REHEMA: Basi hayo tuyaache. Ngoja, bibi anapiga. Shikamoo bibi... ndiyo... anauliza kama redio nayo ni mwizi.

JUMA: Mwambie redio inadokoa tu.

REHEMA: Mwambie mwenyewe, shika.